Hewa ilipimwaje bila kutua?
Dada, umeuliza Mariner 4, chombo cha anga cha Marekani, ilipimaje hewa ya Mirihi na haikutua. Ilijificha tu! Julai 1965 ilipita nyuma ya sayari huku ikituma mawimbi ya redio duniani. Kabla hayajakatika, mawimbi yalipenya hewa ya ukingoni, yakapinda kidogo na masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yakasogea. Huko kusogea ndiko kulikopimwa. Hapa Tanga, Raskazone, asubuhi unaliona jua kabla halijavuka upeo kwa kweli, maana hewa imepinda mwanga. Mambo ni yaleyale. Jibu likawashangaza wengi: mgandamizo wa hewa ya Mirihi ni chini ya asilimia 1 ya wetu hapa duniani. Ndiyo maana parashuti peke yake huko haitoshi kutua chombo salama. Kwenye Titan, mwezi wa Zohali, chombo kingine, Voyager 1, mwaka 1980 kwa njia hiyo hiyo kilikuta mgandamizo karibu mara 1.5 ya wetu.