Binti anayejiita kilaza

Mama, umesema binti yako wa kidato cha pili hujiita "kilaza" kila anapofeli hesabu. Usikimbilie kumwambia "una akili sana", hataamini. Mpe daftari. Jioni, dakika 5: aandike alichojiambia, neno kwa neno, kisha ushahidi (maswali mangapi alipata, yapi yalimshinda), halafu maneno ambayo angemwambia rafiki yake. "Mimi kilaza" iwe "Milinganyo bado inanishinda; kesho namuuliza mwalimu maswali 2." Usimkagulie kama mtihani, ataanza kuandika ya kukufurahisha. Nawe chunga ulimi: ukijiita mzembe mbele yake, anajifunza. Akigusia kujidhuru au kutotamani kuishi, weka daftari kando, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, Tanzania na Kenya.