Pesa za Chakula cha Watoto: Anza na Fomu za Wazazi

Nina kituo cha kulelea watoto huku Marekani, na kipo kwenye mpango wa serikali unaoturudishia pesa za chakula cha watoto. Mkaguzi wa mpango huo alifika Jumanne, saa tano na dakika arobaini, bila taarifa. Chakula cha mchana kwetu ni saa sita. Alisalimia, akaenda moja kwa moja kwenye karatasi ya kuhesabia milo iliyotundikwa darasa la watoto wa miaka mitatu, kisha akauliza kwa upole: "Hawa kumi na wawili wamekula saa ngapi?" Wali ulikuwa bado uko jikoni. Mwalimu alikuwa ameshaweka alama kwa kila mtoto tangu asubuhi, asije akasahau baadaye.

Tulinyimwa malipo ya milo ile, na tukaandikiwa barua ya kutakiwa tujirekebishe. Mwalimu hakuiba chochote. Watoto walikula, tena wakashiba. Lakini katika mpango huu mlo unaanza kuhesabika mtoto akishakaa mezani na chakula kiko mbele yake. Alama ya asubuhi ni uongo hata kama mchana itakuja kuwa kweli.

Nasimulia aibu hii kwa sababu kila mwezi kuna dada au kaka ananipigia, ana kituo chake huku Marekani, anauliza "ile pesa ya chakula" inapatikanaje. Ile pesa ni ya mpango huu, unaoitwa CACFP (Child and Adult Care Food Program). Fedha zinatoka Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, lakini huombi Washington. Unaomba jimboni kwako. Hapa Texas ofisi ni Texas Department of Agriculture. New York ni idara ya afya. Ohio ni idara ya elimu. Swali la kwanza kabisa, basi, ni hilo: kwetu ofisi ni ipi?

Kituo chenye leseni kinaweza kuingia kwa milango miwili. Unaweza kujitegemea, ukafunga mkataba na jimbo moja kwa moja, ama ukaingia chini ya mdhamini, yaani shirika lenye mkataba tayari linalokusanya hesabu zako, kukufundisha na kukukagua. Mdhamini wa vituo anaruhusiwa kubaki na hadi asilimia 15 ya malipo kwa gharama zake. Wanaolea watoto nyumbani kwao hawana hiari, wao lazima wapitie kwa mdhamini. Mimi nilianza na mdhamini na sijuti, ingawa ile asilimia iliniuma. Kujitegemea kunataka uonyeshe jimbo kwamba fedha zako zinasimama, kwamba una mtu wa kushika kazi ya ofisi, na kwamba kuna utaratibu wa kukagua hesabu ndani ya nyumba. Mwaka wa kwanza mimi nilikuwa mwenye kituo, mhasibu na dereva, na mpishi akiugua nilivaa aproni.

Kama kituo chako ni cha biashara, kama changu, kuna kizingiti kingine. Angalau asilimia 25 ya watoto lazima wawe wanaostahili mlo wa bure au wa bei nafuu, au wanaogharamiwa na fedha za Title XX, yaani ruzuku ya shirikisho ya huduma za jamii. Hesabu hufanywa kwa walioandikishwa au kwa nafasi za leseni, vyovyote vilivyo vichache. Mimi nina leseni ya watoto 48 lakini walioandikishwa walikuwa 36, kwa hiyo nilihitaji 9. Nao wanahesabiwa kila mwezi. Agosti moja familia mbili zilihama, nikabaki na 8, na mwezi mzima sikuweza kudai hata senti. Tangu hapo naangalia namba hiyo kabla ya kuangalia salio la benki.

Sasa tuje kwenye fomu, maana hapa ndipo wengi wetu tunaacha pesa mezani. Kila mzazi anapewa fomu ya kipato. Familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho, mtoto wake anawekwa kundi la bure. Hadi asilimia 185, bei nafuu. Wengine wote, na wale wasiojaza fomu, kundi la kulipa. Watoto wenyewe hawatozwi tofauti wala hawakai meza tofauti. Kinachobadilika ni unachorudishiwa wewe. Katika mwaka ulioanza Julai 1, 2024, kundi la bure lililipwa dola 2.37 kwa kifungua kinywa, 4.43 kwa chakula cha mchana na 1.21 kwa kitafunio. Jumla dola 8.01 kwa mtoto kwa siku. Kundi la kulipa lilipata senti 39, 42 na 11, jumla senti 92. Kwa siku ishirini ni dola 160.20 dhidi ya dola 18.40, kwa mtoto yuleyule na sahani ileile. Viwango hubadilika kila Julai, lakini pengo linabaki.

Kwa hiyo fomu ambayo haikujazwa ina gharama. Na watu wetu wanaogopa fomu. Mama mmoja kutoka Bukavu alinirudishia yake imekunjwa mara nne: "Mama, hii karatasi miye siwezi tia mukono." Nilikaa naye chini, chai mkononi, tukaisoma mstari kwa mstari. Haiulizi hali ya uhamiaji ya mtu. Inataka tarakimu nne za mwisho za namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) ya mtu mzima anayetia sahihi, na kama hana, kuna kisanduku cha kusema hana. Kama nyumba inapata SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, inatosha kuandika namba ya kesi, habari za mshahara zinaachwa. Tulipomaliza alikuwa ameelewa kuliko mwalimu wangu mmoja wa Kimarekani. Ushauri wangu: usiweke fomu kwenye begi la mtoto. Mpe mzazi mkononi siku ya kuandikisha, katika lugha anayoisikia. Wala usimlazimishe, kwa sababu ni haki yake kukataa. Na fomu hizi hurudiwa kila mwaka, pamoja na ile ya uandikishaji inayotaja siku, saa na milo ya mtoto.

Jikoni nako kuna mshangao wake. Mimi ni wa Mombasa, na niliingia mpango huu nikiamini mahamri na mbaazi vitanipeleka mbinguni. Mbaazi zikapita: jamii ya kunde inahesabiwa badala ya nyama, au kama mboga ukipenda, ila si vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Mahamri yakagonga mwamba. Kukaanga kwa kuzamisha kwenye mafuta kituoni hakuruhusiwi, na maandazi matamu yanawekwa kapu moja na donati, ambazo hazihesabiki kabisa kama nafaka. Tukahamia chapati ya unga wa ngano nzima, ambayo pia inakidhi sharti la nafaka nzima angalau mara moja kwa siku. Ugali unakubalika, lakini soma mfuko: unga uwe wa mahindi mazima au uwe na neno "enriched". Sembe nyeupe iliyokobolewa isiyoongezwa virutubishi haihesabiki. Sukuma wiki ikishapikwa inapimwa kama ilivyo, ila majani mabichi huhesabiwa nusu ya ujazo wake. Chai ya maziwa haihesabiki kama maziwa. Mwenye mwaka mmoja anapewa maziwa yenye mafuta yote, na kuanzia miaka miwili ni yale ya asilimia moja au yasiyo na mafuta, jambo ambalo bibi wa watoto wawili kituoni kwangu hajanisamehe mpaka leo. Nguruwe si lazima, kwa hiyo wenye watoto Waislamu mtulie.

Kwa siku unaweza kudai milo miwili na kitafunio kimoja, au mlo mmoja na vitafunio viwili, kwa kila mtoto. Cha nne kinatoka mfukoni mwako.

Tena huu ni mpango wa kurudishiwa. Unanunua, unapika, unahesabu, unatuma dai, ndipo unalipwa. Miezi miwili ya mwanzo nilikula kadi ya mkopo. Weka akiba ya chakula ya miezi miwili kabla hujaomba, na usitegemee milo uliyogawa kabla ya mkataba. Nunua chakula cha kituo kwa risiti yake peke yake. Risiti yenye kuku wa watoto na sabuni ya kufulia ya nyumbani kwako itakutoa jasho siku ya ukaguzi, kwa sababu fedha hizi ni za huduma ya chakula ya kituo tu. Dai litumwe ndani ya siku 60 tangu mwezi uishe. Karatasi zote zitunzwe miaka mitatu, mbali na mwaka unaoendelea.

Mtu akikuambia "ongeza watoto wawili watatu, nani atajua", mwonyeshe mlango. Septemba 2022 waendesha mashtaka wa shirikisho walitangaza kesi ya Feeding Our Future, shirika lililokuwa mdhamini kule Minnesota, takriban dola milioni 250 zilizodaiwa kwa milo ambayo nyingi haikupikwa kamwe. Wengi wa walioshtakiwa wana asili ya Afrika Mashariki. Sitajifanya sioni kwamba tangu hapo majina kama yetu yanasomwa mara mbili.

Baada ya ile Jumanne nilifanya jambo moja dogo. Kalamu za kuhesabia milo niliziondoa madarasani, nikazifunga kwa uzi kwenye toroli ya chakula. Chakula kikitoka jikoni, kalamu inatoka nacho. Mkaguzi aliporudi, bila taarifa tena, alikuta darasa lina watoto kumi na mmoja mezani na alama kumi na moja. Wa kumi na mbili alikuwa chooni. Mwalimu alimsubiri arudi, akae, ndipo akamwekea alama yake.