Kwa vijana wapya wa mipango na fedha: kabla hujaandika "Jiji litatoa hatifungani"

Nimepitia maandiko ya miradi ya vijana wa mafunzo kazini hapa Mwanza, na kosa ni lile lile la waliowatangulia. Mtu akisikia kwamba miji ya Marekani hutoa hatifungani (hati za mkopo zenye riba) za kondiuti, yaani zinazopitia tu kwa mji, ili mwekezaji binafsi ajenge, anaandika kana kwamba Jiji limeokota fedha. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tulimalize leo.

1. Anza na mlipaji. Kwenye kondiuti, mji unatoa hatifungani kwa jina lake, fedha zinakwenda kwa mwekezaji, na mwekezaji ndiye anayerudisha mtaji na riba. Mnunuzi makini anampima mwekezaji huyo, hapimi makusanyo ya mji.

2. Eleza unafuu unatoka wapi. Kule, riba ya hatifungani hizi haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu, kwa hiyo mnunuzi anaridhika na riba ndogo. Anayesamehe mapato ni hazina ya taifa, ndiyo maana sheria ya kodi ya 1986 ilibana miradi inayoruhusiwa: nyumba za kupanga za watu wa kipato cha chini, viwanja vya ndege, bandari, viwanda vidogo, hospitali na vyuo visivyo vya faida. Baadhi ya hizo, kama nyumba za kupanga na viwanda vidogo, zina ukomo wa kila mwaka kwa kila jimbo. Na tangu 1982 wananchi lazima wasikilizwe hadharani kwanza. Andiko lisilotaja kodi halijaeleza kitu.

3. Sentensi inayoniumiza ni hii: "Endapo mwekezaji atashindwa, Halmashauri itafidia kwa mapato ya ndani." Niliikuta kwenye andiko la ghala la baridi la samaki, andiko zuri, hesabu zimenyooka, mwandishi kijana mwenye akili. Alidhani anawatuliza wanunuzi. Lakini mapato ya ndani ni nini? Ni ushuru wa mama anayeshusha dagaa Mwaloni, ni kodi ya kibanda sokoni, ni leseni ya fundi wa Igoma. Mstari mmoja umewafanya hao wote wadhamini wa tajiri wasiyemjua, na umegeuza hatifungani ya mwekezaji kuwa deni la Jiji, na deni la Jiji lina njia yake: Baraza la Madiwani, kisha idhini ya waziri. Nilimwita, tukakaa na ule mstari mpaka jioni. Nilimwonyesha American Dream, jengo kubwa la maduka na burudani kule New Jersey. Mwaka 2017 hatifungani zake za takriban dola bilioni 1.1 zilitolewa kupitia chombo cha Wisconsin, jimbo jingine kabisa. Mwaka 2022 malipo ya riba ya kundi moja la hatifungani hizo yalikwama. Hasara iliwaangukia wenye hatifungani. Mlipa kodi wa Wisconsin hakudaiwa hata senti. Ungekuwepo mstari kama ule, angedaiwa. Kijana aliufuta mwenyewe, na leo ndiye mkali kuliko wote kwenye kupitia maandiko ya wenzake.

4. Usichanganye mifano. Hatifungani ya kijani (ya miradi inayojali mazingira) ya mamlaka ya maji Tanga ya 2024, shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5, si kondiuti: mamlaka imekopa kwa ajili ya miradi yake na inalipa yenyewe kutokana na bili za maji. Rock City Mall, jengo la maduka hapa Mwanza, nayo ni ubia wa Jiji na mfuko wa pensheni, Jiji likiingia na ardhi. Ukiwa kwenye ubia, wapangaji wakiondoka na wewe unaumia.

5. Soma mkataba wa mkopo kati ya mji na mwekezaji, ndio unaosema nani analipa, kabla ya waraka wa toleo, yaani karatasi inayowaeleza wanunuzi hatifungani.

6. Hata deni lisipokuwa la Jiji, jina lililo juu ya karatasi ni la Jiji. Omba hesabu za mwekezaji zilizokaguliwa, hati ya kiwanja, na ushahidi kwamba ameweka fedha zake mwenyewe. Akisita kuzitoa, usimpeleke kwa Mkurugenzi.