Usitume hizo 36,000 kabla laptopu haijafutwa mbele ya macho yako

Usitume hizo pesa. Kama umeshaandika namba ya malipo kwenye M-Pesa na bado hujaingiza namba yako ya siri, weka simu kando kwanza usome nilichoandika. Umesema kwamba uko Kakamega, binti yako anaanza chuo mwezi ujao, una shilingi 36,000, na umepata duka Kisumu linalouza EliteBook, laptopu ya HP ya "ex-UK", yaani iliyotumika Uingereza, kwa bei hiyo, na kwamba muuzaji ameahidi kukutumia mashine kwa matatu ya mchana mara tu atakapoona malipo. Umeuliza kama ni heri uchukue hiyo au ununue mpya, kama betri itadumu, kama RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 itamtosha, na kama waranti ya miezi 6 ni ya kuaminika. Maswali ni mazuri, ila lililonishtua ni lile uliloligusia kama jambo dogo, kwamba muuzaji "amenitumia video ikiwaka vizuri". Yangu pia iliwaka vizuri. Iliwaka vizuri kwa miezi 4.

Nina saiba ndogo, duka la huduma za kompyuta na intaneti, Luanda, Kaunti ya Vihiga. Februari 2023 kompyuta yangu kuu ilikufa, nikaingia Kisumu na shilingi 34,000 mfukoni nikiwa na binamu yangu, ambaye kwa miaka mingi ukoo mzima umemkubali kuwa mjuzi wa kompyuta kwa sababu aliwahi kufanya kazi karibu na duka la simu. Alinipeleka moja kwa moja hadi chumba kimoja cha ghorofani karibu na Mtaa wa Oginga Odinga, ambako kijana mwenye shati safi alinipokea kwa jina la "mwalimu", cheo ambacho huku kwetu hupewa mtu yeyote aliyevaa miwani. Nikaonyeshwa EliteBook 840 G5. Nilikagua bawaba zake, nikabonyeza kila kitufe cha kibodi, nikacheza video, nikachomeka flashi katika kila tundu, nikaigeuza juu chini kama mzee anayekagua meno ya fahali sokoni. Ukaguzi wangu uliniridhisha kupita kiasi. Kitu kimoja kilikuwa mbele ya macho yangu nisikione: mashine ilikuwa imeshawekewa Windows, imeshafunguliwa akaunti, na jina la mwenye akaunti lilikuwa "User". Nilidhani ni wema wa duka, kwamba wamenipunguzia kazi.

Juni ndiyo msimu wa mavuno kwa mwenye saiba. Kila mwenye PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, anatakiwa kuwasilisha ritani ya kodi ya mwaka uliotangulia kufikia 30 Juni, hata mwanafunzi asiye na kipato ambaye ritani yake ni ya sifuri, na anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Kwa hiyo katika wiki ya mwisho walimu hupanga foleni na fomu zao za P9, zinazoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, hadi nje ya mlango wangu. Siku tatu kabla ya tarehe hiyo, mteja mmoja alileta flashi yenye kirusi kilichogeuza faili zake zote kuwa njia za mkato, na mashine yangu ikaambukizwa. Mimi, kwa ujasiri wa mtu aliyetazama video mbili mtandaoni, niliamua usiku huohuo kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani, kufuta kila kitu na kuanza upya. Nikaiacha ikifanya kazi, nikaenda kula. Niliporudi ilikuwa imewaka, ikaniomba niiunganishe na intaneti, nikaiunganisha, na baada ya muda mfupi ikanikaribisha kwa Kiingereza cha heshima katika kampuni moja ya Uingereza na kunitaka niweke barua pepe na nenosiri langu la kazini. Nimefanya vibarua vingi maishani mwangu, lakini sikumbuki kuajiriwa huko.

Nitakueleza kilichotokea kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza. Kampuni na shule kubwa zinaponunua laptopu kwa mamia, nyingi huzisajili kwa Microsoft kupitia huduma iitwayo Autopilot. Kinachosajiliwa ni alama za maunzi yenyewe, hasa ubao mama, wala si Windows iliyo ndani. Ndiyo maana kufuta diski, kubadilisha diski au kusakinisha Windows mpya hakuuondoi usajili huo. Mashine inapofutwa, ikaanzishwa kama mpya na kukutana na intaneti, huuliza kwenye seva za Microsoft ni mali ya nani, na jibu likirudi na jina la kampuni, mlango unafungwa. Kampuni inapoziuza mashine hizo baada ya miaka michache inapaswa kuzitoa kwenye usajili, ila si wote wanaokumbuka, na nyingine hazikuuzwa bali zilipotea. Muuzaji anayelijua jambo hili hufanya hila nyepesi: husakinisha Windows bila intaneti, hufungua akaunti yenye jina lolote, kisha huiweka mashine mezani ikiwaka vizuri, nayo itaendelea kuwaka vizuri hadi siku utakapoifuta.

Kesho yake nilifunga saiba, wateja wangu wakavuka barabara kwa jirani ambaye hadi leo hunisalimu kwa furaha nisiyoielewa, nami nikarudi Kisumu. Kijana wa shati safi hakuniita mwalimu siku hiyo. Aliniambia kwamba waranti ya miezi 6 ni ya vifaa na si ya programu, kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeifuta mashine, na kwamba ningeiacha kama walivyoniuzia isingekuwa na tatizo lolote. Fikiria hoja hiyo kwa makini: ni sawa na fundi aliyekujengea nyumba kukulaumu kwa kufungua dirisha. Nilitoa risiti. Ilikuwa na neno "laptop", bei na sahihi isiyosomeka, bila namba ya mashine ile iliyoandikwa chini yake, kwa hiyo hata kuthibitisha kwamba niliyoishika ndiyo aliyoniuzia lingekuwa shauri jipya. Najua kwamba tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na najua kwamba Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Nilichokosa ni ushahidi, na siku tatu za kupoteza wakati wa ritani.

Na binamu? Baadaye nilisikia kwamba alipewa shilingi 1,500 kwa kunifikisha pale. Shilingi 1,500! Angeniambia mapema ningempa 2,000 asinipeleke. Hadi leo ukimuuliza atakujibu kwamba mashine ilikuwa safi, mimi ndiye nisiyejua kuitunza, na kwenye harusi ya mwaka uliopita nilimsikia kwa masikio yangu akimshauri mtu mwingine kuhusu laptopu. Nilitaka kusimama. Mke wangu alinishika mkono.

Fundi mmoja wa Kondele aliisakinisha tena bila intaneti kwa shilingi 2,500, yaani alinifanyia hila ileile niliyofanyiwa mwanzoni, safari hii kwa malipo. Najua wapo humu watakaojibu kwamba hiyo inatosha, kwamba mradi huifuti unaendelea na kazi zako. Nami nilijaribu kuishi hivyo. Lakini mtu anayetegemea mashine kupata riziki hawezi kuishi akiogopa kirusi kwa sababu tu hawezi kusafisha nyumba yake mwenyewe, na kila toleo jipya la Windows 11 linazidi kuziba njia za kuanzisha mashine bila intaneti. Niliiandikia ile kampuni. Kwa haki yao, walinijibu: walisema kwamba kumbukumbu zao zilionyesha kuwa mashine ilikabidhiwa kwa wakala wa kuondoa vifaa vya zamani, na kwamba wasingeitoa kwenye usajili bila karatasi kutoka kwa wakala huyo. Wakala mwenyewe hajanijibu hadi leo.

Mwisho niliamua kuiuza, na hapa ndipo aibu yangu ilipo, maana nilikuwa naelekea kumfanyia mwingine nilichofanyiwa. Mwanafunzi mmoja wa Maseno alikuja, akaitazama, akanipa pole kwa jua la siku ile, kisha akasema kwa adabu, "Mzee, naomba tuifute kwanza, tuiunganishe na hotspoti ya simu yangu, halafu nilipe." Nilijaribu kumwambia kwamba itachukua muda. Akasema hana haraka. Kijana wa miaka ishirini na kitu alinifundisha kwa sentensi moja kitu ambacho kiliniponyoka mimi na ukoo wangu wote. Ilibidi nimwambie ukweli, akanishukuru, akaondoka. Niliiuza kwa fundi kama vipuri, skrini na kibodi na RAM, kwa shilingi 9,000.

Kwa hiyo nasema nawe kama yule kijana alivyosema nami: panda matatu wewe mwenyewe uende Kisumu, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ni kitu kidogo sana mbele ya shilingi 36,000, na kabla hujalipa hata shilingi moja ya amana, mwombe muuzaji aifute mashine mbele yako. Ingia kwenye Mipangilio, mahali pa kuirudisha mashine katika hali ya mwanzo, chagua kufuta kila kitu, kisha kaa. Inaweza kuchukua saa moja au zaidi. Agiza chai, usiende popote, na usikubali kuletewa mashine nyingine inayofanana nayo kutoka chumba cha nyuma. Itakapowaka na kuomba intaneti, washa hotspoti yako uiunganishe pale pale, wala usikubali mtu akuambie kwamba hatua hiyo inaweza kurukwa, maana hiyo ndiyo hatua yenyewe. Ikikuomba ufungue akaunti ya kawaida ya mtu binafsi, endelea na mazungumzo ya bei. Ikikutajia jina la kampuni, shule au hospitali yoyote duniani, simama uondoke, hata kama wataanza kupunguza bei, na hasa wakianza kupunguza bei.

Ukiwa hapo hapo, izime na uiwashe tena huku ukibonyeza F10, ambayo kwenye HP hufungua BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Kwenye Dell ni F2 na kwenye ThinkPad ni F1. Ikidai nenosiri la msimamizi, jibu ni lile lile, mlango uko wapi. Angalia pia kama Windows iliyomo ni toleo la Pro, la kazini, kwa sababu laptopu za maofisi kwa kawaida huja na Pro, na Autopilot hufanya kazi kwenye matoleo ya aina hiyo na si kwenye Home, toleo la nyumbani. Ukiikuta EliteBook ina Home, uliza ni nani aliyebadilisha na kwa nini. Na namba ya mashine iandikwe kwenye risiti. Wakiona ni usumbufu kuandika herufi na tarakimu kumi, watakuwa wamekujibu swali lako la waranti.

Kuhusu kununua mpya, kwa kiasi hicho utapata ile yenye prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyogandishwa kwenye ubao, ambayo itamchosha binti yako kabla ya muhula wa kwanza kuisha. Kwa hiyo sikatai mitumba. Saiba yangu sasa ina laptopu mbili za "ex-UK", na zote zilifutwa mbele yangu nikiwa na kikombe mkononi. Hakikisha tu kwamba prosesa ni ya kizazi cha 8 au zaidi, yaani namba inayofuata i5 ianze na 8, kama 8250, au na 9, 10 na kuendelea, kwa sababu Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya bure 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi hicho cha 8. Neno "Core i5" peke yake, ambalo wauzaji hupenda kulitamka kana kwamba ni baraka, halikuambii chochote. Betri ipime kwa amri ya powercfg /batteryreport, ambayo hukuonyesha uwezo iliyotoka nao kiwandani na uwezo uliobaki. Lakini betri hununuliwa nyingine, ubao mama wenye jina la mtu ndio usio na dawa.

Suala la RAM wapo humu watakaokujibu vizuri kuliko mimi. Mimi nitangoja uje utuambie skrini iliandika nini baada ya kuunganisha hotspoti, na kama muuzaji alikubali ukae.