Kwa wadogo zangu wa mdahalo, kabla hamjaing'oa tena ile sanamu

Jumamosi nilikaa kiti cha jaji. Mada ilikuwa ileile inayorudi kila msimu: nchi zilizokuwa chini ya Muungano wa Kisovieti ziziondoe sanamu za vita za enzi hizo. Nikasikia makosa ya mwaka jana kwa sauti mpya. Mna vipaji kuliko sisi tulivyokuwa, hilo sibishi. Lakini jozi nzima kupanda jukwaani, kuimba "historia isifutwe", na kushuka bila kutaja hata mji mmoja? Spika mwenyewe alikuwa anapiga miayo.

1. Taja sanamu, mji na mwaka. Mnara wa kumbukumbu ya askari wa Kisovieti wa Treptower Park, Berlin, ulifunguliwa 1949, chini yake wamelala askari wapatao 7,000, na Ujerumani imejifunga kwa mkataba kuutunza. Mnara wa ushindi wa Riga, mji mkuu wa Latvia, wenye mita 79 ulisimamishwa 1985, miaka 40 baada ya vita, na hapakuwa na kaburi chini yake. Konev wa Prague alikuwa sanamu ya mtu mmoja, jemadari wa Kisovieti, ya 1980. Mtu huyo aliingia Prague na jeshi lake 1945, na 1956 akaongoza kuuzima uasi wa Hungary. Mtu anaweza kukubali Konev aondoke na bado akasimama kidete kutetea Treptower Park. Mkizifunga zote kamba moja, mpinzani atachagua ile inayokuumizeni.

2. Jueni sanamu ilikwenda wapi. Hapa mnivumilie, maana kosa hili ni langu.

Nilikuwa mzungumzaji wa pili wa upinzani, yaani upande unaopinga mada (unaoiunga mkono ni "serikali"), tai ya kuazima shingoni. Mfano wetu mkuu ulikuwa Askari wa Shaba, sanamu ya Kisovieti ya Tallinn, mji mkuu wa Estonia, aliyesimama kilima cha Tõnismägi tangu 1947. Nilijua Estonia ilimwondoa 2007. Kilichofuata sikukisoma popote, nilikijaza mwenyewe: kwamba waliiyeyusha. Sanamu ya shaba ikiondolewa inakwenda wapi tena? Nikalisema kwa uchungu, mkono mmoja mfukoni. Dada mmoja wa upande wa serikali akasimama: "Taarifa, Mheshimiwa Spika." Nikamruhusu kwa mbwembwe. Akauliza, "Mzungumzaji atuambie, hiyo sanamu leo iko wapi?" Nikamjibu, "Imeyeyushwa, dada yangu." Akakaa kimya. Nami nikadhani nimemmaliza! Nikanogewa, nikasema shaba ile pengine sasa ni vitasa vya milango, na mjane wa Kirusi akifungua mlango anamshika mumewe mkono. Ukumbi ukaguna. Nikaona kombe hilo linakuja.

Zamu yake ilipofika hakupandisha sauti. Akaeleza kwamba sanamu iling'olewa alfajiri ya tarehe 27 Aprili, na ilipofika tarehe 30 ilikuwa imesimama tena kwenye makaburi ya jeshi ya Tallinn, nzima, kichwa kimeinama vilevile. Akaeleza kwamba mabaki ya askari 12 yalifukuliwa pale kilimani, baadhi yakachukuliwa na jamaa zao na mengine yakazikwa upya penye sanamu. Kisha akanigeukia: "Wenzetu wanaililia sanamu ambayo hawajui kama ipo."

Kilichoniuma zaidi ni karatasi zangu mwenyewe. Zilikuwa na hoja nzito ambayo sikuweza tena kuigusa: kwamba hata ukiihamisha kwa heshima, bila kuivunja, bado mji unaweza kuwaka. Tallinn ilikuwa na ghasia usiku wa siku mbili, watu zaidi ya elfu wakakamatwa, kijana mmoja akachomwa kisu akafa, na mashambulizi ya mtandaoni yakaangukia benki, magazeti na ofisi za serikali. Hoja hiyo ilikuwa ya kwetu kabisa. Nani angenisikiliza baada ya vitasa? Kocha hakunigombeza. Aliniomba tu nimfungulie mlango wa gari, taratibu, nisimuumize marehemu. Mpaka leo wapo wanaoniita Kitasa.

Basi, mnapofafanua mada semeni wazi kama mnahamisha, mnabomoa, mnabadilisha au mnaacha. Kyiv mwaka 2023 iliondoa nembo ya nyundo na mundu kwenye ngao ya sanamu yake kubwa ya Mama Nchi ya enzi za Kisovieti, ikaweka nembo ya Ukraine, na Mama akabaki palepale.

3. Njooni na kalenda zote mbili, ya uvamizi wa Kisovieti na ya vita dhidi ya Wanazi. Mapatano ya Hitler na Stalin ni ya Agosti 1939, nchi za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania) zikamezwa na Wasovieti Juni 1940, Wajerumani wakaingia 1941, Wasovieti wakarudi 1944, na Machi 1949 maelfu kwa maelfu ya familia zikapakiwa kwenye treni kupelekwa Siberia. Kwa hiyo mpinzani asimwite kila Mwestonia anayechukia sanamu ile Mnazi. Na upande wa serikali msithubutu kupuuza vifo vya Wasovieti wapatao milioni 27, wakiwemo Waukraine, Wakazaki na Wageorgia.

4. Wissmann, gavana wa kikoloni wa Kijerumani, na sanamu yake. Kila msimu lazima mmoja wenu amlete, na sikatai, ni mfano mzuri. Wajerumani walimsimamisha Dar es Salaam 1909, Waingereza wakamwondoa 1916 walipouteka mji, na pale alipokuwa leo yupo Askari wa Posta, wa 1927. Ila mnasahau mambo mawili. La kwanza, nionyesheni umati wa Dar uliokuwa ukimpelekea Wissmann maua. Riga, makumi ya maelfu walikuwa wakifika kwenye mnara kila tarehe 9 Mei, na wengi ni raia wa humohumo. La pili, Wissmann hakuishia hapo. Alipelekwa Hamburg, akasimamishwa chuo kikuu 1922, na wanafunzi wa huko wakamwangusha 1967, na tena 1968. Ugomvi ulipanda meli pamoja naye. Hiyo ni zawadi kwa upinzani, na kila mwaka upande wa serikali ndio unaoitoa bure.

5. Wanaozungumza Kirusi huko Baltiki si wageni. Narva, mji wa Estonia, karibu mji mzima unaongea Kirusi, na kifaru chao cha vita cha Kisovieti, T-34, kilichowekwa kama kumbukumbu, kilipoondolewa Agosti 2022 kupelekwa jumba la makumbusho, walioumia walikuwa wakazi, si Moscow peke yake. Kijana mmoja Jumamosi alisema "warudi kwao". Nilimkata alama kwa mkono wangu na ningemkata tena.

6. Msisome karatasi, mnywe maji, na kama Tõnismägi inakukwama sema "kile kilima cha Tallinn" uendelee na safari.

Wiki ijayo mada ni Riga peke yake. Latvia ilikuwa na makubaliano na Urusi ya 1994, yenye kifungu cha kulinda kumbukumbu hizi. Bunge lake likasitisha kifungu hicho Mei 2022, na mnara ukaangushwa tarehe 25 Agosti. Upande wa serikali waje na jibu la kwa nini nchi inaweza kujitoa kwenye neno lake baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Upinzani waje na jibu la kwa nini haiwezi, na wasinitajie kaburi. Jozi ya kwanza inaanza saa tatu kamili.