Kwa nini ALMA bado wanahangaika na hewa
Mkuu uliyeuliza mbona ALMA, ile darubini ya redio yenye antena nyingi zinazofanya kazi kama moja, wako jangwani Atacama kule Chile mita 5000 juu na bado wanahangaika na hewa, ishu ni mvuke wa maji, hata ukiwa kiduchu unachelewesha mawimbi, na kila antena inacheleweshwa kivyake, basi picha inavurugika. Ndo maana kila antena ya mita 12 ina kipimo kinachosoma mvuke kwenye 183 GHz muda wote, kompyuta inakuja kuondoa ule ucheleweshaji. Haitoshi lakini, kila baada ya dakika chache wanageukia kwaza (kiini king'aavu cha galaksi ya mbali sana), mahali ilipo panajulikana kabisa, wanaweka fezi sawa, yaani mawimbi ya antena zote yaende pamoja. Bila hayo ile picha ya 2014 ya diski ya gesi na vumbi inayozunguka nyota changa HL Tauri, antena zimetandazwa mpaka kilomita 15, tusingeona zile pete. Kwa unyevu huu wa Dar sahau kabisa.