Mustang GT na Challenger Scat Pack: tuamini daino au risiti ya robo maili?

Swali: Salaam fundi. Nipo Houston, Texas, nina Ford Mustang GT ya 2019, otomatiki ya gia 10, haijabadilishwa kitu. Binamu yangu yuko Denver, Colorado, ana Dodge Challenger R/T Scat Pack ya 2019, otomatiki ya gia 8, nayo ni vilevile ilivyotoka kiwandani. Kiwanda kinasema yangu ina hp (nguvu farasi) 460 na yake 485. Kila mmoja alipima kwao. Daino yangu (mashine ya kupima nguvu ya gari) ilionyesha hp 405 kwenye magurudumu, yake 422. Kwenye robo maili mimi nilipata sekunde 12.6 nikiwa na maili 112 kwa saa mwishoni, siku ya joto la 35°C. Yeye alipata 13.6 na maili 104. Futi 60 zangu za mwanzo zilichukua sekunde 2.15. Binamu anasema daino ndiyo hakimu, mimi nasema risiti ya uwanjani, ile karatasi ya muda na mwendo. Nani ana gari lenye kasi? Na mbona sifikii namba za majarida ya magari?

Jibu: Ndugu yangu, gari lako linalizidi la binamu yako, ila si kwa sekunde nzima. Sehemu kubwa ya sekunde hiyo ni hewa ya Denver. Binamu naye hajakosea kuhusu injini yake: ina nguvu kuliko yako. Kinachomwangusha ni uzito.

Kwenye risiti ya robo maili kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya. Muda unategemea sana gari liliondokaje: tairi, lami, mguu wa dereva. Mwendo wa mwishoni, unaopimwa katika futi 66 za mwisho kabla ya mstari, unategemea nguvu na uzito. Ukiharibu kuondoka, muda unaharibika vibaya lakini mwendo wa mwishoni unashuka kidogo tu. Kwa hiyo anayetaka kujua injini inatoa nini aanze na mwendo.

Kuna kanuni ya zamani ya viwanjani ambayo bado inafaa sana. Chukua maili kwa saa za mwishoni, gawanya kwa 234, jibu lipandishe kipeo cha tatu, kisha zidisha kwa uzito wa gari pamoja na dereva kwa pauni. Nimekadiria gari lako pauni 3,850 likiwa na mafuta, nawe 180, jumla 4,030. Maili 112 ukigawanya kwa 234 unapata 0.4786, kipeo cha tatu ni 0.1096; mara 4,030 ni hp 442. Challenger ni zito, pauni kama 4,270 bila mtu, tuseme 4,450 akiwemo binamu. Kwa maili 104 jibu ni hp 391.

Sasa linganisha na namba za kiwanda. Wewe umepata asilimia 96 ya 460, jambo la kawaida kwa siku ya joto na unyevu wa Houston. Injini isiyo na turbo wala supachaja (vifaa vya kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazoongezeka, na mvuke wa maji nao unachukua nafasi ya oksijeni. Binamu amepata asilimia 81 ya 485. Denver iko futi 5,280 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama kPa (kilopaskali) 83 badala ya 101 wa pwani. Hesabu ya haraka ya mafundi ni asilimia 3 kwa kila futi 1,000, na siku yenye jua upungufu unapita hapo. Injini zote mbili ni nzima na zinatoa kilichoandikwa. NHRA, chama cha mbio za robo maili Marekani, wenyewe hurekebisha viwango vyao vya muda kwenye viwanja vya miinuko kwa sababu hiyohiyo.

Tukiyaweka magari yote mawili usawa wa bahari kwenye hewa ya kawaida, kanuni hiyohiyo ukiigeuza inatoa karibu maili 113.5 kwako na karibu 112 kwake. Hp 460 zinabeba pauni 4,030, sawa na pauni 8.8 kwa kila hp. 485 zinabeba 4,450, sawa na 9.2. Mkiondoka sawasawa utamtangulia kwa urefu wa gari moja na nusu, labda mawili. Ni tofauti ndogo kiasi kwamba dereva aliyeondoka vizuri anaweza kuifuta.

Mbona basi daino ya Denver ilitoa 422, na milima haikuonekana? Kwa sababu karatasi hiyo imesahihishwa. Mashine inapima nguvu halisi kwenye roli, kisha programu inazidisha kwa kigezo cha hali ya hewa ili matokeo yafanane na yale ya sehemu ya kawaida. Kwa Denver kigezo huwa 1.2 au zaidi, kwa hiyo siku ile magurudumu yake yalipokea kama hp 350 tu. Namba iliyosahihishwa inafaa kulinganisha injini kwa injini. Haisemi gari litakimbiaje kule juu.

Mwombe binamu asome pembezoni mwa karatasi yake: imeandikwa SAE au STD? Hivyo ni viwango viwili vya kusahihisha namba kwa hali ya hewa. STD husoma juu zaidi, karibu asilimia 4, kwa sababu inachukulia hewa ya baridi na kavu zaidi. Kama yake ni STD na yako ni SAE, zile hp 17 alizokuzidi zimekwisha zote hapo. Angalia pia aina ya mashine. Dynojet ya kawaida inapima kwa kuzungusha roli nzito, na kwa kawaida husoma juu kuliko mashine zinazoweka mzigo wa breki, kama zile za Mustang Dynamometer (jina tu, kampuni hiyo si Ford). Halafu gia. Kipimo kinatakiwa kifanyike kwenye gia yenye uwiano ulio karibu na 1 kwa 1, ambayo kwa Mustang yako ni ya 7 na kwa Challenger ni ya 6. Karakana nyingi hushuka gia moja au mbili ili gari lisigonge kikomo cha kasi, na namba inashuka kidogo kwa sababu nguvu zaidi inaishia kuharakisha vyuma vinavyozunguka. Daino ina kazi moja inayoifanya vizuri kupita kitu chochote: kupima gari lilelile, mashine ileile, kabla na baada ya kufunga kifaa. Kuamua ugomvi kati ya Houston na Denver haiwezi.

Tuje kwenye majarida. Mwendo wa maili 112 unastahili muda wa sekunde 12.2 au 12.3. Wewe una 12.6, na tatizo liko kwenye zile futi 60. Gari lako kwa tairi za barabarani linaweza kuzimaliza kwa sekunde 1.9 hivi. Kila sehemu ya kumi ya sekunde unayookoa pale inarudi mwishoni kama 0.15 hadi 0.2, basi 0.25 uliyopoteza inatosha kueleza karibu pengo lote. Sehemu iliyobaki ni hewa, kwani majarida mengi ya Marekani husahihisha muda wao kwa hali ya hewa. Kwenye namba za 0 hadi maili 60 pia huondoa futi 1 ya kwanza ya mwendo, ambayo ni sekunde 0.2 hadi 0.3. Ukipima kwa kifaa cha GPS, washa mpangilio huo kabla ya kujilinganisha nao, na usihesabu kipimo cha barabara inayoteremka.

Gia ya kwanza ya sanduku lako ni 4.70. Ukiwa na difu ya 3.55, torki (nguvu ya kuzungusha) inazidishwa mara 16.7 kabla haijafika kwenye tairi. Kwa difu ya 3.15 ni mara 14.8. Hakuna tairi ya barabarani inayostahimili hayo ukikanyaga mafuta yote ghafla. Zungukia pembeni mwa maji yaliyomwagwa kabla ya mstari, usiyapite. Maji hayo ni ya tairi laini za mashindano. Tairi yako ina mifereji, itayabeba hadi kwenye mstari na utateleza. Shusha upepo wa nyuma hadi psi 28, zungusha tairi sekunde mbili au tatu kwa line lock (inayofunga breki za mbele pekee) kuzisafisha tu, kisha chagua kwenye gari mpangilio wa Drag Strip, ule wa mbio hizi. Shikilia breki injini ikiwa kwenye mizunguko 1,800 hivi, achia, na fungua mafuta hatua kwa hatua hadi mwisho ndani ya sekunde moja. Ukisikia nyuma inarukaruka kwa mapigo, achia mafuta papo hapo. Mirukoruko hiyo ndiyo inayovunja shafti za magurudumu kwenye Mustang zenye saspensheni huru ya nyuma.

Kati ya mbio moja na nyingine acha gari lipoe dakika 20 hadi 30, boneti ikiwa wazi. Kimbia mara tatu na uchukue matokeo ya katikati, si yale bora. Tangi libaki na robo. Uzito usiukisie kama nilivyofanya mimi. Pita kwenye mizani ya malori, kwani pauni 100 za makosa zinahamisha jibu kwa hp 11 hivi.

Mafuta nayo yana neno. Kompresheni ya injini yako ni 12.0 kwa 1, na hp 460 zake ni za petroli ya okteni 93, ambayo Texas ipo kila kona. Ukiweka 87 gari halitaharibika, lakini vihisio vya kugonga kwa injini vitafanya cheche za plagi zicheleweshwe na utapoteza nguvu, hasa kwenye joto. Colorado petroli ya juu kwa kawaida ni 91, nayo inaitosha injini ya binamu, Hemi ya lita 6.4 yenye kompresheni ya 10.9. Ile ya 85 inayouzwa huko kama petroli ya kawaida asiiguse.

Binamu akifikiria kuhamia Hellcat ya hp 717 ili aikwepe milima, ajue kwamba supachaja ile inazungushwa na mkanda kwa uwiano usiobadilika, kwa hiyo inavuta hewa nyepesi ileile na nguvu inashuka nayo. Turbo ndiyo inayoweza kuongeza mizunguko na kufidia. Na akija Houston na Scat Pack yake, kimbieni siku moja, uwanja mmoja, mkibadilishana njia, halafu linganisheni mwendo wa mwishoni kabla ya kutazama muda.